Kitindamimba Ameinama

Mama Cherehani alikuwa na kiapo alichokula mwenyewe, mbele ya mumewe, enzi hizo watoto wao bado wanavaa sare alizozishona kwa mkono wake: mguu wake hautakanyaga varanda ya nyuma. Huko, alisema, ndiko wanakokaa wake wenzake, na yeye si mwanamke wa kuamka asubuhi kwenda kuwajulia hali wake wenzake.

Wake wenza wenyewe walikuwa maua. Okidi, tena si zile za mapokezi ya hoteli zenye maua meupe yaliyopangana kwenye kikonyo kirefu. Hizi ua lake ni moja tu, nene, limevimba kwa mbele na kuacha uwazi juu kama sapatu ambayo mwenyewe ameivua akaingia ndani. Ndiyo maana nyumbani kwao ziliitwa sapatu, na jina lingine hakuna aliyelijua isipokuwa mumewe, naye hakulitumia.

Mumewe alikuwa fundi mihuri. Ofisi nyingi za mtaa ule zilizogonga "Imepokelewa" juu ya karatasi za watu ziligonga kazi ya mikono yake. Alichonga mpira kwa kisu chembamba, herufi zikiwa zimegeuka nyuma mbele, kazi ameisogeza jichoni mpaka kope zinaigusa. Jicho, nimesema, si macho. La kushoto aliliacha utotoni kwenye jiwe la manati. La kulia ndilo lililomlisha, likamtafutia mahari, likasomesha watoto mpaka wa mwisho akaondoka nyumbani. Akimaliza mihuri yake jioni, jicho lile lile alilipeleka varanda ya nyuma. Alifuta majani kwa kitambaa kibichi, akakagua vyungu kimoja kimoja, kope zinagusa.

Sapatu mojawapo ikichanua, aliibeba na chungu chake hadi sebuleni, akaiweka kando ya cherehani ya mkewe.

"Umepata mgeni," husema.

Mkewe huinua uso, hutazama juu ya miwani. "Karibu, mke mwenzangu. Ukae, lakini usizoee."

Na mgeni hukaa kweli, maana ua la sapatu lina ustahimilivu wa ajabu, huweza kumaliza miezi miwili mezani bila kunyauka. Mama Cherehani alikuwa akilitupia jicho huku anapinda pindo za sketi, na siku linapoanguka alikuwa mkali kwa wateja bila sababu. Hilo hakuwahi kulikiri. Kwa hiyo aliyajua maua yale kama unavyomjua mgeni aliyefika mlangoni amekwisha kuoga na kuvaa. Yanavyojiandaa huko nyuma, yanavyoanza kuchomoza, hakujua lolote, na wala hakutaka kujua. Tulikumbuke hilo, kwa sababu ndiko balaa lote lilikotokea.

Sasa kuhusu Kitindamimba.

Zamani kidogo, mjukuu wao wa kwanza akiwa bado anatambaa, fundi alichukua kijiti cha meno, akatoa unga kwenye ua la sapatu moja aliyoiita Mzee Madoa, akaupaka ndani ya ua la nyingine aliyoiita Bibi Kijani. Mkewe alimwona kupitia dirisha la jikoni.

"Umekuwa mshenga siku hizi?"

"Nimewaozesha," fundi alisema, anatabasamu peke yake.

Mbegu za sapatu ni vumbi. Ukipiga chafya umepoteza ukoo mzima. Alizipeleka kwa rafiki yake mmoja anayeotesha miche ndani ya chupa. Zikaota chache, zikatoka chupani, zikafa moja baada ya nyingine, akabaki mmoja. Huyo ndiye aliyeitwa Kitindamimba. Mwaka unakwenda, anatoa jani. Mwaka mwingine, jani. Mjukuu alijifunza kutembea, akang'oka meno, akajua kusoma saa, Kitindamimba yuko na majani tu. Mwaka huu, katikati ya majani, pakachomoza kitu kijani kama ncha ya kidole cha mtoto. Tumba.

Fundi alikosa usingizi kwa furaha. "Unaelewa?" alimwambia mkewe. "Hili ua hakuna mtu duniani aliyewahi kuliona. Halijawahi kuwapo. Sisi ndio wa kwanza."

"Sisi nani? Mimi sina mtoto wa nje," mkewe alijibu, lakini alimmiminia chai nyingine.

Kikonyo kikaanza kurefuka, na tumba likapanda nacho. Hapo ndipo jicho lilipogoma.

Ilikuwa asubuhi, fundi yuko mezani anachonga muhuri wa ofisi ya ardhi. Akaona kivuli cheusi kinashuka pembeni. Akafuta jicho. Kivuli kikashuka tena, safari hii hakikupanda. Hakupiga kelele. Aliweka kisu chini taratibu, akasema, "Mama watoto, njoo unishike mkono."

Daktari wa macho alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya kupoza. Alieleza kwamba utando ulio nyuma ya jicho umebanduka kama karatasi ya ukutani, na usiporudishwa haraka hautarudi tena. Angeurudisha, kisha angeweka kiputo cha hewa ndani ya jicho kiukandamize mpaka ushike. Lakini kiputo hupanda juu siku zote, na ili kiukandamize utando, sehemu ya nyuma ya jicho ndiyo iwe juu. Maana yake mgonjwa alale kifudifudi. Ale kifudifudi, azungumze kifudifudi, wiki mbili nzima.

"Ataona?" Mama Cherehani aliuliza.

"Mama, sitakuahidi nisichokijua. Tutajua utando ukishika na kiputo kikianza kwisha." Daktari alimvuta kando kidogo. "Kitu kimoja tu. Atulie. Asijikaze, asikohoe kwa nguvu, asishtuliwe na habari mbaya. Nyumba iwe na amani."

Fundi alipasuliwa jicho siku ile ile, na maneno hayo Mama Cherehani aliyabeba kichwani njia nzima ya kurudi kama mtungi uliojaa pomoni. Hakuna habari mbaya. Jicho lenyewe ni hilo hilo moja, halina mwenzake.

Alimtengenezea kitanda kwa kuunganisha mabenchi mawili na godoro. Akakaa kwenye cherehani, akashona kata kubwa ya taulo, nene, yenye tundu katikati, fundi apate kulaza uso wake humo na pua ipumue. Sakafuni chini ya tundu aliweka kigoda cha kikombe na mrija. Fundi alijilaza, akatia uso kwenye kata, na kwa sauti iliyotoka chini ya benchi akasema, "Sasa wake wenzako utawaamkia wewe."

"Astaghafiru."

"Sitanii. Watakufa kiu."

Kwa hiyo kiapo cha miaka yote kikavunjwa asubuhi moja kwa ndoo na kikopo. Fundi alimfundisha akiwa chini ya kata: maji mwagia kwenye magome ya chunguni, asubuhi tu, usimwage moyoni pale majani yanapokutana, maana maji yakilala pale mmea unaoza. Na Kitindamimba asihamishwe wala asizungushwe, matumba hayapendi kuhamahama.

"Na kila siku uniambie yukoje," alimaliza. "Mimi macho yangu sasa ni wewe."

Mama Cherehani aliingia varandani kwa mara ya kwanza kama mtu anayeingia nyumba ya watu, amebana kanga, anatembea upande upande kati ya rafu. Kiuno chake hakikuwa cha kupita kati ya rafu bila kusalimiana nazo. Alimkuta Kitindamimba mwishoni, kwenye kivuli. Kikonyo kimesimama, na tumba juu yake limenyooka.

"Yukoje?" ikauliza sauti kutoka kwenye kata.

"Amesimama wima, utadhani askari wa gwaride."

"Vizuri, vizuri. Bado mapema."

Siku chache zilikwenda hivyo, na zilikuwa siku njema. Mke anatia dawa ya matone, anasoma magazeti ya zamani kwa sauti, anashona, anatoa ripoti ya wake wenza. Fundi anacheka chini ya benchi. Hata utani wao wa zamani kuhusu jicho lililokwenda na manati ulirudi.

Jumanne akaingia varandani na kikopo chake, akakuta Kitindamimba ameinamisha kichwa.

Si kidogo. Shingo ilikuwa imepinda, tumba limeangalia chini kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Mama Cherehani aligusa magome, yana unyevu. Akagusa majani, magumu. Ndipo akakumbuka kwamba jana yake, akipinda kona ya rafu, kiuno kiligonga ubao na vyungu vikalia. Na juzi yake alikaanga vitunguu, moshi wote ukaenda huko. Jinsi mzee alivyosubiri! Miaka yote hiyo alitazama majani tu, na tumba lilipokuja, likaja kufia mikononi mwa mkewe, wiki hii kati ya wiki zote.

Alirudi ndani miguu mizito.

"Yukoje?"

Asishtuliwe na habari mbaya. "Wima," alisema Mama Cherehani.

"Bado wima?"

"Wima kabisa. Kama nguzo."

Fundi aliuachia mrija. "Mh," akasema.

Siku iliyofuata alidanganya tena, na uwongo ukatoka kwa urahisi zaidi. Siku hiyo pia wifi yake alikuja kumwona mgonjwa. Wifi huyu, dada mkubwa wa fundi, alikuwa na jibu la kila kitu, kuanzia mafua hadi siasa. Alikaa kwa kaka yake, akamsimulia watu waliopofuka, Mama Cherehani akamtoa haraka kwa kisingizio cha kumwonyesha maua.

Wifi alimtazama Kitindamimba kwa mkono kiunoni. "Wifi, hili la kuaga."

"Usiseme hivyo, wifi."

"Shingo imeshavunjika hiyo. Lakini kama unataka, lisimamishe. Nyanya zangu zikilala nazifunga kwenye mti, zinapata nguvu."

Hapo wifi alikuwa ameongea lugha ambayo fundi cherehani anaielewa. Maisha yake yote kitu kikilegea, yeye alikitia uzi. Wifi alipoondoka alichukua sindano moja ya kufumia, akaichomeka chunguni, akatoa uzi mweupe laini wa pindo. Akaupitisha chini ya shavu la tumba, akalinyanyua polepole huku ameuma ulimi, akafunga. Fundo lake lile lile la kuanzia pindo, ambalo halifunguki mpaka nguo ichakae. Tumba likasimama. Akarudi nyuma hatua, akalitazama, akajipa moyo kwamba sasa, walau, hasemi uwongo.

"Yukoje?"

"Wima, mzee wangu. Nimetoka kumwona sasa hivi."

Fundi alisogeza kikombe kando kwa vidole.

Kuanzia siku hiyo nyumba ilipoa. Fundi aliacha kucheka. Chai ilibaki kikombeni na mrija wake. Magazeti yakisomwa, anaitikia mahali ambapo hapana cha kuitikia. Mkewe alianza kumchunguza kwa kumwangalia kisogo, maana ndicho pekee alichoweza kukiona.

"Jicho linauma?"

"Haliumi."

"Unaona nini ukifumbua?"

"Ukungu. Daktari alisema ukungu."

"Ukungu umezidi?"

"Mama watoto, ukungu ni ukungu."

Hakuna mke wa miaka ile yote asiyejua sauti ya mumewe anapoficha jambo. Na lipi lingine la kuficha? Mama Cherehani aliingia bafuni, akafungulia bomba ndoo ijae kwa kelele, akalia. Jicho limekufa, alijiambia. Limekufa, naye anajua, na ananionea huruma. Alijiona tayari akimshika mkono barabarani mpaka uzeeni. Alijiona akifunga kile kisanduku cha visu vya kuchongea mihuri na kukiweka juu ya kabati. Hilo la visu ndilo lililomliza zaidi. Alinawa uso, akatoka, akasema chakula kiko tayari kwa sauti ya mchangamfu aliyezidisha.

Asubuhi ya pili yake, kabla hajachukua kikopo, fundi alimwita.

"Kaa kidogo. Nataka kukwambia jambo, nawe usilie."

Alikaa sakafuni palepale, karibu na kigoda, uso wake ukiwa chini ya uso wa mumewe. "Sema."

"Kitindamimba hafunguki tena. Usiendelee kuhangaika naye. Na wala si kosa lako, nilikuwa natafuta namna ya kukwambia usije ukajilaumu."

Mama Cherehani alikuwa amejiandaa kwa jambo moja, likaja jingine. "Nani amekwambia hafunguki?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Kila siku unaniambia yuko wima." Fundi alipumua ndani ya kata. "Tumba la sapatu halifunguki likiwa wima. Siku zikikaribia, huinamisha kichwa. Huinama mpaka asiyejua anasema limekufa. Likishainama hivyo linajaza maji, halafu lenyewe linanyanyuka taratibu, linafunguka. Kwangu mimi lililogoma kuinama limekauka ndani kwa ndani. Nimeshapoteza mengine hivyo hivyo. Ulivyoniambia Jumanne bado wima, nikapata wasiwasi. Uliporudia, nikajua basi."

Mama Cherehani alivuta ncha ya kanga, akajiziba mdomo.

"Umeanza kulia?"

"Ameinama," alisema.

"Nani?"

"Kitindamimba. Ameinama tangu Jumanne. Nilikudanganya."

Kisha mabega ya fundi yakaanza kutikisika, godoro likatikisika, benchi likalia. Mkewe alimrukia akamshika mgongo. "Usilie! Daktari amekataza! Baba watoto, usilie!"

Hakuwa akilia. Alikuwa anacheka, uso umezama katika taulo, kicheko kinatokea sakafuni. "Tangu Jumanne," anasema, anavuta pumzi, "tangu Jumanne!"

"Usicheke pia! Amekataza kujikaza!"

"Kwa nini lakini?"

"Alisema usipewe habari mbaya. Nikadhani nimelivunja kwa kiuno."

Neno hilo la kiuno lilimmaliza fundi. Ilibidi amshikilie mabega mpaka kicheko kipite. Na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kucheka na kulia pamoja, hajui kipi kimetangulia.

"Na wewe," alisema akijifuta kwa ncha ya kanga, "unyamavu wote ule, chai hunywi, kumbe ni ua? Si jicho?"

"Jicho nimekwambia haliumi. Mara ngapi?"

"Nimekuzika nalo, mwenzio. Nimeshafunga hadi visu vyako."

"Ah, mama watoto." Mkono wa fundi ulishuka kutoka benchini, ukapapasa hewa mpaka ukapata shavu lake, ukatulia hapo. Wakashusha pumzi wote wawili, na ilisikika kama mtu mmoja. "Kwa hiyo sasa hivi ameinama," fundi alisema kwa raha.

Mama Cherehani aliminya midomo. "Hapana."

"Hapana tena?"

"Sasa yuko wima. Nimemfunga uzi."

Mkono ukaondoka shavuni. "Uzi gani?"

"Wa pindo."

"Umefunga wapi?"

"Chini ya... hapa, kwenye shavu lake. Wifi alisema nyanya..."

"Mlete," alisema fundi. "Najua nimesema asihamishwe. Mlete. Taratibu, na kiuno kiache huku."

Alikibeba chungu kwa mikono miwili, hatua kwa hatua, akakiweka kwenye kigoda chini ya kata. Akataka kuleta mkasi mdogo.

"Hapana, ncha itachubua shingo." Vidole vya fundi vilikuwa vimeshafika. Hakuwa anaona kitu. Lakini mtu aliyezoea kupitisha kidole gumba juu ya mpira kusoma herufi zilizogeuka, kabla hata ya kuzitia wino, hahitaji jicho kwa fundo. Alipapasa sindano, akafuata uzi, akafika. "Hili fundo lako, mwanamke, lingefaa kufungia ng'ombe."

"Uvute upande wa chini. Hapo kuna kitanzi. Siyo hapo, nyuma yake."

"Hapa?"

"Hapo. Sukuma kwanza, usivute."

Uzi ukalegea. Akautoa kama anavyotoa unywele kwenye chakula. Tumba likabaki limesimama kidogo, likiwa halijajua kwamba liko huru, halafu shingo ikaanza kushuka, polepole, mpaka likaangalia chini.

"Ameinama?"

"Ameinama."

"Niambie ukweli."

"Ameinama, baba watoto. Kichwa chini kabisa, kama wewe."

Fundi alitoa sauti ambayo mkewe hakuwa ameisikia tangu siku ya kivuli cheusi, mguno mfupi wa mtu aliyetua mzigo. Kisha akaomba chai, akainywa yote kwa mrija, akaomba nyingine. Siku hiyo wakapatana: kuanzia leo kila kitu kitasemwa kilivyo, kiwe kibaya kiwe kizuri, daktari atake asitake.

Daktari, walipokwenda mwisho wa wiki mbili, alitazama ndani ya jicho kwa muda mrefu huku taa yake ikienda huku na huku. Mama Cherehani alishikilia mkoba kwa nguvu zote. "Utando umeshika," daktari alisema. "Umeshika vizuri. Mzee, inua kichwa." Lakini alipoulizwa kuhusu kuona, alitikisa mkono. Kiputo bado kipo, vitu vya mbali vitakuwa ukungu kwa muda. Kitakavyokuwa kinapungua ndivyo watakavyojua jicho limebakiza nini. Basi nusu ya mzigo ilitua, nusu ikabaki begani.

Walirudi, akamkalisha fundi sebuleni kwenye kiti cha kawaida, shingo imekakamaa, anageuza kichwa kama mtu aliyevaa shati jipya. Mama Cherehani akaenda varanda ya nyuma kumwagilia. Sapatu zote zilikuwa kimya mahali pake. Na mwishoni, kivulini, Kitindamimba alikuwa amenyanyua kichwa, amefunguka.

Alisimama pale na kikopo. Ilimjia kwamba yeye, aliyekula kiapo, ndiye mtu wa kwanza duniani kuliona ua lile. Alilitazama vizuri. Kisha akasogea karibu, akalitazama tena, kusudi awe na hakika. Halikuwa zuri.

Alilibeba hadi sebuleni, akaliweka mezani kando ya cherehani. "Umepata mgeni," alisema.

Fundi aliacha hata kugeuza shingo. Jicho lake lilikuwa limefumbwa. Alikuwa na hofu, na hakuificha. "Usinipe kwanza. Niambie. Kama tulivyopatana."

Mama Cherehani alivaa miwani. "Kama tulivyopatana. Ana tumbo kubwa, rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi, na pembeni kidogo inaelekea zambarau. Petali za pembeni zimetoka kama masharubu, zina chunusi nyeusi tupu, na nywele juu ya chunusi. Hapo amemfuata baba yake. Petali ya juu ndiyo nzuri, nyeupe, ina mistari ya kijani kuanzia chini. Hiyo ya Bibi Kijani. Akikutazama usoni anafanana na wifi akikataa chakula."

Fundi alikuwa anatabasamu. "Kwa hiyo ni mbaya."

"Ana sura ngumu. Lakini nimempenda, nisiseme uwongo."

Alikuwa amesema kila kitu, isipokuwa kimoja. Ukingoni mwa petali ile ya juu uzi ulikuwa umeacha alama, mstari mwembamba sana uliokata mistari ya kijani. Aliuona kule varandani kwa shida, karibu na mwanga. Akaona aibu kuutaja. Kidogo hivyo, alijiambia, nani atakiona.

Fundi alinyoosha mikono, akapewa chungu. Alikipakata mapajani. Akalisogeza ua usoni, akalisogeza tena, kama alivyosogeza mihuri maisha yake yote, mpaka kope zikagusa petali. Kisha akafumbua jicho.

Mama Cherehani alishika gurudumu la cherehani. Mtaa wa pili mtu alikuwa anapigilia msumari.

"Chunusi kweli," fundi alisema baadaye. "Na nywele."

Hayo Mama Cherehani alikuwa amemwambia yeye mwenyewe. Mtu anaweza kurudia aliyoambiwa ili amfurahishe mkewe, na huyu angeweza.

"Mistari ya kijani. Hii ya mama yake."

Na hiyo pia alimwambia. Mkono wake ulibana gurudumu mpaka ukauma.

Fundi aligeuza ua kwa kidole gumba, kidogo sana, kuelekea dirishani. Uso wake ulikunjamana, ule mkunjo wa mtu aliyekuta herufi imekosewa. "Lakini huu si wa mama yake, wala wa baba yake," alisema. "Hapa ukingoni pana mstari umekata hii mingine. Mwembamba. Mama watoto, si ule uzi wako wa pindo huu?"

Mama Cherehani hakuwa amemwambia. Wala hapakuwa na mwingine wa kumwambia. Aliachia gurudumu, akapiga magoti mbele ya kiti, akalia kwa sauti kubwa bila kufungulia bomba lolote. Hajapata kufurahi namna ile kwa kukamatwa na kosa.

"Sasa unalia nini? Si kasoro kubwa."

"Nionyeshe," alisema, anavua miwani anaifuta kwa kanga, anaivaa tena, na bado haoni kitu kwa machozi. "Nionyeshe tena ulipo."

Na fundi akauonyesha kwa ukucha wa kidole cha mwisho, pale pale ulipo.